Mama Aliyesimama Mara Mbili

Kilichoninyima usingizi ni swali fupi la naibu wa chifu wa kwetu: je, yule mama yuko huko Dubai, au hayuko?

Nilikuwa nimetoka zamu katika hoteli moja ya Al Rigga, ambako nafanya kazi ya mapokezi usiku, na kwangu mimi mchana ndio wakati wa kulala. Kwa kawaida navuta pazia la kitanda, nageukia ukuta, na kelele za wenzangu chumbani hazinihusu tena mpaka alasiri. Siku hiyo nililala chali nikitazama mbao za kitanda cha juu, simu ikiwa kifuani. Nilikuwa nimeusoma ujumbe ule mara nyingi hadi ukaacha kuwa na maana, kisha ukaanza kuwa na maana nyingi mno.

"Kijana wangu, salamu," aliandika. "Wapelelezi wa serikali wako hapa, wanashirikiana na kamati yetu kuhusu pesa za wazee. Tumesikia yule mama wa boma la karibu na kisima yuko huko kwenu. Tutumie sauti yako kuthibitisha kabla ya Jumatatu. Wewe umekaa ofisini hapa, unaelewa."

Naelewa, na hilo ndilo lililonisumbua. Nilipomaliza chuo, nikiwa na shahada ya utawala wa umma na sina kazi, nilijitolea kwa miezi kadhaa katika ofisi yake, nikiandika barua za utambulisho na kufagia. Niliona jinsi pesa za wazee, zile za msaada wa serikali, zinavyohakikiwa. Serikali kule Nairobi ina majina ya wazee, lakini haiwajui kwa sura. Wanaowajua ni majirani. Kwa hiyo kamati ya mtaa huitisha baraza, majina yanasomwa, na kila mzee akiitwa anasimama. Watu wanamtazama, anaketi. Hakuna zaidi ya hapo.

Nilipoona usingizi hauji nilimpigia.

"Chifu," nikasema, maana kwetu hata naibu tunamwita chifu, "kuna nini hasa?"

"Kuna balaa," akasema, kwa sauti ya mtu anayetafuna kitu. "Jina la yule mama liliitwa barazani. Mwenyewe hayuko. Mke mwenzake akasimama."

"Akasimama kama nani?"

"Kama yeye! Alikuwa ameshasimama kwa jina lake, akaketi. Hili la pili lilipoitwa, akasimama tena. Akasema, 'Nasimama kwa ajili ya mwenzangu.' Watu wakacheka. Kuna mtu alimwambia, 'Keti mama, utachoka.' Katibu akaweka alama."

Niliweza kuiona picha yote. Wale mama wawili waliolewa na mzee mmoja, na tangu mzee afariki wameishi kama mikono miwili ya mtu mmoja. Mmoja akiugua, mwingine anakwenda matangani kwa niaba yake na kutoa mchango kwa majina yote mawili. Nikiwa shule ya msingi, mkutano wa wazazi ukiitishwa, yeyote aliyemaliza kazi ya shamba mapema ndiye aliyekuja, na mwalimu alimwita mama wa mtoto yeyote aliyehitajika. Sikuwahi kusikia mtu akiona ajabu. Kwa hiyo hata barazani hakuna aliyedhani kuna uongo umesemwa.

"Lakini safari hii," naibu wa chifu akaendelea, "wapelelezi walileta mtu wa kupiga picha. Kila aliyesimama alipigwa. Picha zikafika Nairobi, zikatazamwa: sura moja, majina mawili. Sasa wanasema mama huyu amejifanya mtu mwingine ili ale pesa za mtu asiyekuwepo. Wengine wananong'ona kwamba mwenzake alishakufa tukamficha."

"Kila mtu alimwona akisema, Chifu."

"Kila mtu alimwona. Hata mimi nilimwona, na nilicheka nikiwa pale mbele." Akameza alichokuwa akitafuna. "Ndiyo maana neno letu sasa halina uzito. Jumatatu wanakuja bomani kumchukua. Wakimpeleka kituoni kwa umri ule, sijui atarudi vipi. Nataka mtu ambaye hakuwa barazani aseme."

Ukweli ni kwamba nilijua yule mama alikuwa wapi. Alikuwa Al Jaddaf, kwa binti yake, akilea mjukuu, na kila Jumapili tulikaa benchi moja kanisani. Jibu lilikuwa neno moja. Lakini mimi sijawahi kupewa neno moja nikaliacha lilivyo.

Nikisema yuko Dubai, nilifikiri, watauliza: mzee maskini anafikaje Dubai? Hawatajua kwamba binti ni mfanyakazi wa usafi shuleni, kwamba yeye, mumewe, mtoto na nyanya wanaishi chumba kimoja nusu yake ikiwa pazia. Watamfuta nyanya kwenye orodha, pengine na mwenzake pia. Nikisema sijui, yule mwingine anabaki peke yake mbele ya picha mbili. Nikinyamaza, kunyamaza kwenyewe ni jibu, tena jibu baya. Nikajaribu kurekodi. Ya kwanza nilisikika kama wakili. Ya pili nilisikika kama mtu aliyehongwa. Ya tatu nilikohoa katikati, nikaona kikohozi chenyewe kinatia shaka, nikaifuta.

Pazia likafunguliwa. Jamaa wa kitanda cha juu, mtu wa Mombasa anayefanya kazi kwenye duka la viungo kule Al Ras na ambaye hunukia iliki hata akitoka kuoga, akaniinamia.

"Yakhe, wafanya nini humo? Waimba?"

Nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Waulizwa mtu yupo ama hayupo," akasema. "Swali hilo hata mtoto wa chuoni hulijibu jina lake likiitwa, kabla hajafunua msahafu. Wewe wataka kuliandikia kitabu."

"Lina madhara, bwana."

"Kulala na viatu pia kuna madhara. Vua kwanza."

Nilitazama. Kweli sikuwa nimevua viatu.

Jioni kabla ya zamu nilimpigia binti wa nyanya. Ninamwita dada. Nilipomaliza kueleza nikasikia mtoto akilia nyuma yake na sauti ya nyanya ikimbembeleza.

"Sema humjui," akaninong'oneza.

"Dada, tunakaa benchi moja."

"Kanisa lina watu wengi. Nisikilize. Mama ana presha. Ukimwambia mwenzake anataka kukamatwa, atataka kupanda ndege leo. Nani atabaki na mtoto? Madam wangu hanipi hata nusu siku. Nikiacha kazi, visa yangu inakwisha, tunarudi wote. Naomba. Usimwambie."

"Sawa, dada," nikasema, kwa sababu yote aliyosema yalikuwa kweli.

Nilikwenda kazini, na chifu sikumtumia sauti yoyote. Ijumaa ikapita, Jumamosi ikapita. Kanisani Jumapili nyanya alinipa pipi kutoka kwenye kitambaa chake kama kawaida, akaniuliza mbona nimekonda. Nilisema ni kazi. Binti yake alitazama mbele, kwenye madhabahu, bila kupepesa.

Usiku huo alikuja mgeni mmoja mapokezi na pasipoti mbili. Moja yake, moja ya kaka yake. Alitaka nimwandikishe kaka pia, apewe ufunguo.

"Kaka yako yuko wapi, sir?"

"Yuko. Ni kaka yangu. Damu moja. Tazama picha, tunafanana."

Walifanana kweli. Nikamwambia kwa upole kwamba sheria inataka nimwone mwenyewe. Akakasirika, akaniambia mimi ni mtu wa karatasi, sijui maana ya undugu. Nilisimama pale na tabasamu la kazini huku nikiwaza kwamba nimemkatalia mtu huyu jambo lile lile ambalo barazani kwetu watu walilicheka na kulipitisha, na kwamba sisi sote, mimi, yeye na wale wapelelezi, hatukuwa watu wabaya. Nilikuwa mbioni kwenda mbali zaidi na fikra hizo mlango ulipofunguka. Kaka akaingia akivuta begi, akasimama mbele yangu, nikatazama picha, nikamtazama yeye. Khalas. Mabishano yote yakaisha kwa sababu mwenye jina amesimama mwenyewe.

Nikamwandikia dada pale pale: "Nakuja asubuhi kumwambia mama. Nisamehe." Sikusubiri nione kama sentensi iko sawa.

Jibu lilikuja alfajiri. "Njoo kabla sijatoka."

Nilipanda metro nikiwa na sare yangu. Binti alinifungulia mlango bila salamu, akaelekeza kidole ndani. Nyanya alikuwa ameketi kwenye zulia, mtoto mapajani, anamlisha uji.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja na hiyo tai asubuhi hii, unaoa?"

Nikaketi chini, nikamweleza yote, tangu baraza mpaka picha. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, kwa presha, hata nilikuwa nimeangalia hospitali iliyo karibu. Yeye aliuliza kwanza:

"Alivaa nini?"

"Nani, nyanya?"

"Mwenzangu. Aliposimama ile mara ya pili. Kama alivaa sweta yangu ya kijani, basi alikuwa mimi kabisa." Akacheka mpaka kijiko kikatikisika. "Na magoti yale! Kwake mwenyewe kusimama ni taabu. Amesimama na kwangu?"

"Wanakwenda kumchukua, nyanya. Leo."

Kicheko kikakatika. Alimfuta mtoto mdomo, taratibu, akampa mama yake.

"Leo hii. Na wewe umejua tangu lini?"

"Tangu Alhamisi."

Akanitazama, kisha akamtazama binti yake, na binti akatazama dirisha.

"Mngeniambia Alhamisi," akasema, "mwenzangu angekuwa amelala hizi siku zote."

Aliinuka, akaenda nyuma ya pazia, akarudi amefunga kitambaa kipya kichwani na kuvaa gauni la kanisani. Akasimama katikati ya chumba.

"Piga."

"Mama, ni simu tu, keti," binti yake akasema.

"Kule jina likiitwa mtu husimama. Piga."

Nikapiga kwa video. Naibu wa chifu alipokea akiwa uani mwa boma la karibu na kisima. Nyuma yake niliona gari jeupe, watu wamekusanyika, na kwenye kigoda, mikono imeshika magoti, yule mama mwingine. Alikuwa amevaa sweta ya kijani. Simu ikapokezwa hadi kwa mwanamke mwenye miwani, mpelelezi, ambaye alisalimia kwa heshima kisha akamwomba nyanya ataje jina lake, la baba yake na la marehemu mumewe. Nyanya aliyataja kwa sauti kubwa, kama yuko uwanjani. Nikasikia watu wa kule wakipiga vigelegele, na sauti moja ikisema, "Si niliwaambia hakufa!"

"Mama, pesa zako nani huchukua?" mpelelezi akauliza.

"Zinaingia kwenye simu. Simu nilimwachia mwenzangu mimi mwenyewe nilipoondoka. Tunakula chungu kimoja."

"Mama, nitakueleza. Mtu akiwa nje ya nchi, malipo yake yanasimamishwa mpaka atakaporudi ahakikiwe. Umeelewa?"

Binti alifumba macho. Zile pesa ndizo zilizonunua dawa na unga wa mama wawili, na yeye ndiye angelazimika kuziba pengo.

"Simamisha," nyanya akasema. "Lakini huyo mwache aende akafungulie kuku. Yeye hakusema ni mimi. Alisema ni kwa ajili yangu."

Mpelelezi aliandika kitu, akageuka kuzungumza na katibu wa kamati, ambaye aliinamisha kichwa. Kisha akarudi kwenye simu.

"Majirani wamesema hivyo hivyo, ila walikuwepo na walinyamaza. Kuna kijana nimetajiwa hapa, alikuwa ofisini kwa chifu. Akinithibitishia kwamba huyu ndiye, na yuko huko tangu kabla ya baraza, nitaandika kwamba ni kosa la uhakiki. Si udanganyifu. Yuko hapo?"

Nilikuwa nimeandaa maelezo. Njia nzima kwenye metro nilikuwa nayaandika: aya nne, zenye historia ya familia, desturi yetu, hali ya binti, na ombi la huruma mwishoni. Yalikuwa ndani ya simu, na simu ndiyo niliyokuwa nimeishika nikimwonyesha nyanya. Nisingeweza kuyafungua bila kuikata ile video.

Nikaigeuza kamera. Uso wangu ukatokea, na ile tai. Kule nyumbani yule mama wa sweta ya kijani alikuwa ameinua kichwa.

"Niko hapa, madam," nikasema. "Huyu ndiye mwenyewe. Yuko Dubai tangu kabla ya baraza lenu, na aliyesimama huko ni mke mwenzake."

Nikamgeuzia nyanya kamera tena.