Mahindi ya Jumatatu

Jumatatu nilipeleka suruali ya mtumba, niliyoinunua Lilongwe, kwa mama mmoja wa Fizi anayeshona hapa Dzaleka. Kipindi cha kilimo kilipoanza kwenye redio ya kambi yetu ya wakimbizi, akatoa mguu kwenye cherehani, akapiga simu studio, kama kila wiki.

"Mahindi yangu imefika hapa," akasema, kiganja kiunoni, utadhani mtangazaji anamwona.

"Félicitations, mama! Kesho tunakuja kuona iyo shamba yako."

Kiganja kikashuka polepole. Mama huyu alipanda mara ya mwisho kabla ya kukimbia vita. Hapa hana hata tuta moja.

"Musikuje," akasema. "Mbuzi bamekula yote."

Akakata simu, akajifunika uso kwa suruali yangu, akalia kweli.

Wateja wote tukampa pole. Mzee mmoja akawalaani wale mbuzi. Hakuna aliyeuliza shamba liko wapi.

Nimcheke namna gani? Jumatano ni kipindi cha mifugo, na yule ng'ombe wangu aliyechinjwa na wenye bunduki kule Uvira anakaribia kuzaa.