Robo Dola kwenye Pindo la Kanga

Siku ya kwanza kazini nilivaa tai. Nilikuwa nimetoka Tanga, ambako nilikuwa karani wa benki mwenye meza yangu na feni yangu, na sikuona kwa nini Sydney inikute kifua wazi kama mtu asiye na kwao. Nikafika Villawood, mtaa wa viwanda, kwenye ghala lililobanwa kati ya fundi wa matairi na watengeneza madirisha. Magunia ya sarafu za kigeni yaliletwa hapo kutoka kwenye masanduku ya sadaka ambayo wasafiri hutumbukiza chenji zilizowabakia. Kazi yetu ilikuwa kuzichambua kwa nchi na kwa madini, kisha kutenga zile ambazo wakusanyaji wangezitaka.

Msimamizi wa Ghala alikuwa mama wa makamo, mikono minene, sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Aliitazama tai yangu kuanzia fundo hadi ncha.

"Itaingia kwenye mashine," akasema. "Vua."

Hayo ndiyo yalikuwa mapokezi yangu.

Kabla ya mchana mkono wangu uliangukia robo dola ya Marekani, ile sarafu ya senti ishirini na tano ambayo nyinyi vijana mnaiita kwota. Ilikuwa nyeusi kama sufuria ya jiko la kuni. Mgeni hutaka kuonyesha bidii, nami nikaisugua kwenye suruali mpaka ikametameta, nikampelekea Msimamizi huku nikitabasamu.

"Umeifanya nini?"

"Nimeisafisha, madam."

"Umeichuna ngozi!"

Ghala zima likageuka kunitazama. Akanivuta chini ya taa, akanionyesha kwa lenzi. Sarafu mpya hutoka kiwandani na mng'aro wake, vijistari vidogo mno vinavyoizungusha nuru unapoigeuza. Ukisugua mara moja tu, mng'aro huo umekwenda na haurudi tena, hata ulie. Ule weusi nilioudhani uchafu ulikuwa mwanzo wa jambo ambalo lingenilisha maisha yangu yote.

Ngoja nilieleze jambo hilo. Robo za zamani zilikuwa na fedha halisi, yale madini, ndani yake. Fedha ikikaa miaka kwenye bahasha au albamu ya karatasi hubadilika rangi polepole: kwanza dhahabu kwenye ukingo, kisha zambarau, kisha buluu, na zenye bahati hufika kijani. Mimi nilizoea kusema sarafu imeiva. Lakini wapo wenye haraka, wanaoipasha moto, wanaoipaka dawa, hata wanaoifungia pamoja na yai la kuchemsha. Hao nilisema wamevundika, kama mtu anavyovundika ndizi. Sarafu iliyoiva hugombewa, na iliyovundikwa hurudishwa kwa mwenyewe bila cheti. Macho ya mgeni hayaoni tofauti, na kujua tofauti hiyo ndiko kulikokuwa kazi yangu.

Jioni ile nilitoka na mikono myeusi, tai mfukoni. Msimamizi akaniwekea kiganjani robo moja ya fedha, nyeupe pee, akiishika kwa ukingo. "Hii yako," akasema. "Ukiisugua, usirudi."

Nilirudi nyumbani Merrylands nikiwa sina raha. Mama Salma, mke wangu, alinifungulia mlango akanitazama mikono.

"Baba Salma, umetoka kuchimba makaa?"

"Kesho siendi," nikamwambia. "Mimi karani wa benki, nikafokewe mbele ya watu kwa senti ishirini na tano? Shika hii. Huu ndio ujira wangu wa kwanza na wa mwisho."

Akaipokea, akaenda kupasha wali. Asubuhi nikakuta shati limepigwa pasi na limetundikwa mlangoni. Tai haikuwepo. Nikavaa, nikaenda. Robo ile sikuiulizia tena.

Nilikaa ghalani mpaka nikaanza kuota magunia. Kisha nikachukuliwa na duka la sarafu kule Parramatta, chini ya Mwenye Duka, mzee mfupi aliyezungumza na sarafu zake kuliko alivyozungumza na wateja. Yeye ndiye aliyenifundisha kusaka tofauti, yaani sarafu zilizopigwa na kasoro. Muhuri ni kile chuma kinachopiga picha juu ya sarafu, na muhuri ukiwa na kilema, kila sarafu inayopigwa nao huzaliwa na kilema hicho. Kuna herufi zinazojirudia kama mtu anayeona mbilimbili. Kuna robo ya jimbo la Wisconsin yenye picha ya ng'ombe, jibini na gunzi la mahindi, na chache kati yake zina jani la ziada kwenye gunzi lile. Watu huzisaka kama dawa.

"Umewahi kulima mahindi?" Mwenye Duka aliniuliza, akinipa trei nzima.

"Nimezaliwa shambani."

"Vizuri. Basi nitafutie jani lisilokuwa na haki ya kuwepo."

Nilitafuta mpaka chai ikapoa, tena mimi mtoto wa mkulima! Nilipoliona nilipiga kelele, na mteja mmoja akaangusha mwavuli. Mwenye Duka hakunisifu. Alichofanya ni kuisogeza ile trei, akaniletea nyingine.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa chumba cha upimaji, huko mjini, ambako sarafu hupewa daraja na cheti. Mkuu wa Upimaji alikuwa mwanamke mkimya, mwenye nywele fupi nyeupe, na desturi yake ilinishangaza siku niliyofika: alikuwa ananusa. Sarafu yoyote yenye rangi nzuri aliisogeza puani kabla ya kuichukulia lenzi.

"Macho hupenda," aliniambia. "Yakishapenda, yanatafuta visingizio. Pua haipendi mtu."

Nilijifunza kunusa dawa, moshi, siki, hata sabuni. Na alinifundisha swali moja tu la kumuuliza mwenye sarafu: je, kuna mkono wa mtu katika rangi hii? Kama upo, hata kama umefanya kazi ya malaika, sarafu inarudi. Niliwarudishia watu waliolia. Nilimrudishia bwana mmoja aliyenitukana ukoo wangu wote, na alivyotukana kwa ufundi, nilisikitika hakuna cheti cha matusi.

Nilipostaafu walinikatia keki na kunipa albamu nzuri ya kuwekea robo zangu. Nikazipanga zote, za majani ya ziada na za herufi pacha, ila nafasi ya kwanza kabisa nikaiacha tupu. Nafasi hiyo ilikuwa ya robo moja iliyoiva. Maisha yangu yote nilikuwa nimeshika zilizoiva za watu. Kununua sikutaka, nilitaka iliyoivia nyumbani kwangu, mbele ya macho yangu. Niliweka kadhaa kabatini nikangoja, zikabaki nyeupe kama meno ya mtoto.

"Dad, it's just twenty-five cents," binti yetu Salma huniambia kila anapokuja. "And they're not even our cents."

Humjibu kwa Kiswahili, naye hunijibu kwa Kiingereza, na tunaelewana hivyo hivyo.

Basi mwaka jana, siku chache kabla ya Idi, nilikuwa jikoni nakunywa chai wakati Mama Salma anapita na kanga yake ya sandukuni, ile asiyoivaa ila siku kubwa. Kitu kikaanguka pindoni, kikabingirika chini ya meza, kikalala. Nikainama. Nikaishika kwa ukingo, mazoea hayaishi, nikaipeleka dirishani.

Ilikuwa ile robo ya siku yangu ya kwanza. Ukingo wake dhahabu, ndani zambarau, katikati buluu inayogeuka kijani kama shingo ya njiwa, na chini ya rangi zote mng'aro uko hai, unazunguka. Katika miaka yote ya upimaji sikuwahi kuona nzuri kama ile.

Nikaisogeza puani. Ilinukia udi.

Nikajiambia, nyumba hii kila kitu kinanukia udi, hata mimi. Pua ilikuwa imeniambia, nami nikaiambia pua inyamaze.

"Mama Salma, niazime hii. Chama chetu cha wakusanyaji sarafu kina maonyesho Rooty Hill, kuna shindano la robo zilizoiva. Ikishinda tu, nafasi yangu imepata mwenyewe."

"Nitakwenda nayo mwenyewe," akasema. "Ni yangu. Ulinipa."

Akaenda kweli, na gauni lake la harusi za watu. Ukumbini alitupokea Deo, Mrundi anayefanya kazi ya kulea wazee, rafiki yangu katika kusaka tofauti. Alipoiona ile robo alishika kichwa, akachanganya lugha zake zote, Kifaransa na Kiingereza.

"Mzee! Vraiment! Hii pièce iko hatari. Leo ribbon iko yako, finish."

Mwenyekiti wa chama, mama mrefu mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, aliigeuza chini ya taa kwa muda. Waamuzi wenzake wawili wakasogea. Halafu akaliuliza lile swali nililouliza watu maisha yangu yote: ilikaa wapi, na je, kuna mkono wa mtu?

Deo akaniinamia sikioni. "Sema ilikuwa mu sanduku, mzee. Si uongo. Sanduku, basi."

Nami nilikuwa nimeshafungua mdomo. Sijui ningesema nini. Mama Salma alinitangulia, kwa Kiingereza chake alichokiokota childcare akilea watoto wa watu, kikubwa na cha furaha: kila Idi, akasema, na kila harusi, hutundika kanga juu ya chetezo na kuifukiza kwa udi wa Zanzibar, pamoja na mashati ya mume wake, na robo ikiwa imefungwa pindoni.

"Moshi?" Mwenyekiti akauliza.

"Moshi, ndiyo! Moshi mzuri sana!"

Waamuzi wakaenda pembeni, wakarudi wamegawanyika. Mmoja alisema mama huyu alifukiza nguo, sarafu ilipita njia tu. Mwingine alisema moshi ni moshi. Mwenyekiti akanigeukia mimi.

"Wewe ulikuwa mpimaji. Ingeletwa mezani kwako na mtu usiyemjua, ungeamuaje?"

Nilimtazama mke wangu. Alikuwa anatabasamu, anangoja nimsifu mbele za watu. Nikaitazama robo. Sababu ya mwamuzi wa kwanza ilikuwa nzuri, ningeweza kuipanda kama ngazi. Nikawakumbuka wale niliowarudishia, na yule bwana wa matusi.

"Mkono wa mtu upo," nikasema. "Imevundikwa. Ningeirudisha."

Deo akasema "Eh, Yesu!" akaketi. Utepe wa ushindi akapewa bwana mmoja wa Blacktown, na robo yake ilikuwa nzuri pia, ingawa si hivyo.

Wakati wa kurudi Mama Salma hakunisemesha. Tulibadili treni Blacktown, tukaketi, mkoba wake ameukumbatia. Niliona nimeharibu, na moyo uliniuma. Vituo vikapita. Mwishowe akageuka.

"Baba Salma, kwani ndizi ya kuvundikwa hailiwi?"

"Inaliwa."

"Tanga ulikuwa unakula ndizi gani?"

"Za kuvundikwa."

"Na ulikuwa unaomba nyingine!"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, naye akacheka, na abiria wa mbele akatabasamu bila kujua kitu. Tulipotulia nikamuuliza lililonisumbua: kwa nini aliifunga pindoni miaka yote ile, wakati nyumba ina masanduku na makabati?

"Siku ile ulisema kesho huendi," akasema. "Nikaifunga. Nikasema moyoni, fundo hili likifunguka, tunarudi Tanga, na sitakulaumu. Halikufunguka. Kila Idi naligusa, liko. Nashukuru Mungu, nakufukizia shati."

Nilimshika mkono, jambo tusilolifanya mbele za watu.

"Lakini sasa limefunguka," nikasema baadaye.

"Kanga imechakaa, imeachia yenyewe. Hiyo haihesabiki." Akafikiri kidogo. "Na wajukuu tutamwachia nani?"

Vijana, mkinitembelea Merrylands nitawaonyesha albamu yangu. Nitawaeleza mihuri na majani ya ziada mpaka mchoke, maana mzee aliyestaafu ana saa nyingi na wasikilizaji wachache. Nimejifunza mengi katika kazi hii, na kubwa ni kwamba ukweli wa kazi yako ukiusema mbele ya mkeo, jiandae kurudi nyumbani kwa treni ya kimya, lakini sema.

Mtauliza pia kwa nini nafasi ya kwanza bado iko tupu. Nilimwomba Mama Salma aiweke robo hapo, ikiwa na cheti au haina. Alikataa. Jioni ile ile alifungua kanga mpya, akaifunga robo pindoni, akakaza fundo kwa meno, akawasha chetezo.

Mimi nimestaafu. Robo yangu bado iko kazini.