Makaroni ya Deša

Deša alikuwa akiwapangisha watu chumba kimoja ndani ya kuta za mji wa pwani wa Dubrovnik, juu kabisa ya zile ngazi zinazowatoa wageni jasho. Kiangazi hakuwa na nafasi ya kumwonea mtu wivu, mashuka ya wageni yalimmaliza. Wivu wake ulikuwa wa majira ya baridi, maduka yakishafungwa na njia kuu kubaki ya paka na upepo wa kusini.

Ndipo Mato akapiga simu. Zamani, akiwa kijana, alitoka bara, Slavonia, akaja kuhudumu hotelini, msimu ukaisha na yeye asiondoke. Baridi yote alikaa kwa Deša, na si kama mpangaji. Masika akaenda kwao kusalimia, akaoa huko huko. Sasa alitaka chumba kwa sikukuu ya Mtakatifu Vlaho, msimamizi wa mji, inayoangukia katikati ya baridi; yeye na mkewe.

"Kipindi hiki watu wachache," alisema. "Evica anapenda utulivu."

"Mlete," Deša akajibu. Alipokata simu alibamiza mlango wa kabati, kikombe kikaanguka.

Huyo Evica alikuwa na mashavu manene na maneno ya kuchekesha, jambo lililomkera Deša zaidi. Angekuwa na sura mbaya, au mzuri kupita kiasi, angalau angepata pa kumshikia. Mato alikuwa ameota kitambi. Alimpa Deša mkono kama anayemsalimia karani wa posta. Alasiri Deša aliwaona kutoka dirishani, wakitembea juu ya ukuta wa mji wakiwa peke yao, Mato akimfunga mkewe skafu. Skafu tu, lakini ilimchoma. Alitaka kujua jambo moja: kama ndani ya mwanamume yule kulibaki chochote cha kwake yeye Deša.

Siku ya sikukuu, walipotoka kanisani kubarikiwa koo kwa mishumaa, kama ilivyo desturi ya siku hiyo, aliwatengea chakula cha siku ile. Wenyewe wanakiita makaroni machafu: nyama ya ng'ombe iliyopikwa taratibu kwa divai, mdalasini na karafuu, mpaka mchuzi unachafua kila makaroni. Mato alikula bila kuinua macho. Akaongeza sahani ya pili, kisha ya tatu. Evica alimtazama mumewe, akatazama sufuria, akamtazama Deša.

"Mbona mimi nampikia hiki kila Jumapili," alisema. "Alinifundisha mwenyewe. Eti cha mama yake."

Cha mama yake. Baridi ile ni Deša aliyempikia na kumfundisha. Mtu amebeba chungu chake chote, na jina lake amelitupa njiani. Mato akasema anafuata sigara, akashuka ngazi kwa mbio zisizolingana na umri wake.

Wanawake wakabaki na vyombo.

"Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, hata yai alikuwa anaunguza," Evica alisema, kitambaa mkononi. "Nilijua zamani kuna mwanamke. Safari hii nimeitaka mimi, dada. Nikamwambia tukalale pale pale alipopanga ujanani. Kiangazi ningekupata wapi kwenye umati ule?"

"Haya, umeniona. Unasemaje?"

"Nilidhani utakuwa mrefu."

Deša nusura acheke, hasira ikamzuia.

"Kila Jumapili anakula, anafuta mdomo, ananiambia: tamu, ila bado kidogo. Miaka yote hii, bado kidogo. Leo hakusema." Evica alishusha sauti. "Unatia nini ambacho mimi sitii?"

Kabatini mlikuwa na chupa ya plamu zilizokaushwa. Deša alizitia mapema, zikayeyukia mchuzini zisionekane. Furaha ilimpanda mpaka akaionea aibu. Akasogea, akasimama mbele ya kabati.

"Hakuna kitu. Labda maji ya kwenu."

Evica alikausha sahani ile ile kwa muda mrefu.

"Labda," alisema.

Waliondoka kesho yake. Mawe yalikuwa yameloa. Evica akateleza, Mato akamdaka kiunoni, na mkono haukutoka pale mpaka langoni. Mato hakugeuka. Evica ndiye aliyegeuka akapunga, na Deša akarudi nyuma ya pazia.

Jumapili, saa ya chakula cha mchana, aliketi peke yake na plamu mdomoni. Akamfikiria Mato akifuta mdomo na kusema bado kidogo, na moyo wake ukafurahi kwelikweli. Kisha akakumbuka kwamba anayeambiwa, kando yake mezani, ni Evica.