Mafiga Matatu Kutoka Kitahana

Haya sikuhadithiwa. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana, na sikuwa nimeonja hata funda la pombe. Unayebisha, nenda Kasulu umuulize Madamu Koku. Naye aliona.

Madamu Koku ni mwalimu mstaafu kutoka Bukoba. Alipotaka kufungua mgahawa alinipa kazi ya kuupamba ndani kama nyumba ya Waha wa zamani: kuta za matete, nyungo, vibuyu, vigoda, na katikati jiko la mafiga matatu.

"Mgeni akiingia asahau yuko mgahawani," aliniambia. "Ajione yuko kwa bibi yake."

Nilikuwa nimezunguka zaidi ya miaka ishirini, Mpanda, Tabora, Geita, nikipaka rangi nyumba za watu. Sasa nilitaka kitu kimoja tu: kurudi Kitahana na kujenga palepale bibi aliponilea. Pesa ya kazi hii ndiyo ingenirudisha.

Mawe ya kwanza niliyapaka oili chafu yaonekane ya zamani. Madamu aliyatazama, akacheka.

"Fundi, hapa patapikwa chakula au patatengenezwa pikipiki?"

Niliona aibu. Nikaenda Kitahana kwenye gofu la nyumba ya bibi. Kuta zilishaanguka, lakini mafiga yalikuwepo kwenye nyasi, meusi kwa masizi ya kweli. Binamu yangu Yustina, anayeishi jirani, alinikuta nayatia kwenye kiroba.

"Kaka, mafiga ya marehemu hayaondolewi yote. Chukua mawili, moja libaki limshikie mji wake."

"Jiko la mafiga mawili umeliona wapi?"

"Na wewe mji usio na figa umeuona wapi?"

Nilimcheka. Nikachukua yote matatu.

Siku ya kufungua, mvua kubwa ilishuka saa tisa mchana. Akaingia kikongwe, peku. Nikamwona, nikashangaa: nje maji yanatiririka, yeye khanga yake ni kavu. Alipita katikati ya meza bila kutazama mtu, akachuchumaa kwenye jiko langu la mapambo, akasogeza figa moja kidogo, kama mtu anayejua lilivyozoea kukaa.

"Karibu, bibi," Madamu Koku alimwambia. "Nikuletee nini?"

"Moto," alisema. "Mbona hamuwashi?"

"Hilo ni pambo tu, bibi."

"Pambo." Akanyoosha mikono juu ya mawe baridi, kama anaota moto. Ndipo nikaona kidole cha shahada cha mkono wa kushoto hakina ncha. Bibi yangu alijikata na jembe nikiwa darasa la pili. Mimi ndiye niliyemfunga kitambaa.

Akanigeukia, akaniita mwanangu kwa Kiha, kama zamani: "Mwana wanje, tumefika? Ndiyo hapa unapojenga?"

Ungejibu nini wewe? Alisubiri, kisha akainuka, akatoka, akarudi mvuani. Pale alipochuchumaa palibaki majivu. Madamu aliyagusa, akavuta mkono haraka. Yalikuwa ya moto, na jiko lile halikuwahi kuwashwa.

"Yarudishe mafiga ulikoyatoa," aliniambia. "Kesho asubuhi."

Niliyarudisha. Yustina alinionyesha mahali penyewe, nikayapanga, akaleta kuni na chungu cha maji, tukawasha. Maji hayajachemka, figa la kwanza likapasuka. Likafuata la pili. La tatu likagawanyika katikati bila hata mlio. Yustina akamwaga maji juu ya moto.

"Basi, kaka," alisema. "Mji hauna tena wa kuushika. Zunguka tu."

Sikujenga. Nimepanga chumba Kabanga, nimepanga Kibondo, nimepanga Rungwe Mpya. Kila chumba, kabla sijapata usingizi, namsikia nyuma ya mlango akiuliza taratibu, kwa uchovu: "Tumefika?" Asubuhi nakuta majivu kizingitini.

Siku hizi watu wanapenda kupamba kwa vitu vya wazee. Pambeni. Lakini ukifika kwenye gofu la kwenu, acha figa moja. Mimi sina jibu la kumpa bibi yangu, na naye hana pengine pa kwenda.