Suruali za Ngome ya Mto Tumen

Ifahamike mbinguni na duniani, kwa walio hai na kwa roho za mababu, kwamba Tak Mun-gyeom, kamanda wa ngome ya Mto Tumen, amemvunjia heshima Konfusio, Mwalimu wa vizazi vyote, kwa kutumia makalio ya kikosi kizima.

Tangazo lilisomwa uwanjani kwa sauti ya puani, theluji ikijikusanya juu ya kofia ya msomaji. Tak alisimama akisikiliza, uzito wote kauegemeza mguu wa kulia. Wa kushoto ulikuwa umepoteza vidole kwa baridi.

Alikuwa mtoto wa mchunga farasi wa serikali. Ukamanda aliupata kwa kulenga mishale akiwa juu ya farasi anayekimbia, mtihani ambao wasomi wa mji mkuu wa Joseon, Korea ya zamani, waliuita mchezo wa wasiojua kusoma. Kusoma alijua. Alichokosa ni mjomba ikulu. Mara mbili alikwisha kuvuliwa cheo: ya kwanza kwa kuvuka mto kuwafukuza wavamizi bila kibali, ya pili kwa kungoja kibali.

Kila mwaka majani yakianza kupukutika, aliiomba serikali pamba ya kushonea askari nguo za baridi, maana mto ule ukiganda hugeuka barabara ya wavamizi. Na kila mwaka serikali ilimletea karatasi. Ndiyo, karatasi: majibu ya watoto wa wakubwa waliofeli mtihani wa utumishi, ambao wote ni juu ya mafundisho ya Konfusio, yamefungwa marobota, yamepandishwa migongoni mwa ng'ombe, yamepewa jina la huruma ya mfalme. Vijana hao walikaa miaka kwenye vyumba vyenye sakafu za kupashwa moto, wakila wali wa baba zao, wakafeli, na kufeli kwao kukawa blanketi la mtoto wa mkulima aliyeshiba uji wa uwele. Pamba yenyewe ilikuwepo. Ilikuwa mabegani mwa wakubwa.

Mama Bun-i, mjane wa askari aliyegandia zamuni akiwa amesimama, aliyafikicha makaratasi mpaka yakalainika, akayashindilia kati ya vitambaa viwili vya katani, akashona.

"Huyu wa tajiri, karatasi yake nene," alikuwa akisema. "Huyu namweka makalioni."

Ndipo akaja mkaguzi wa mfalme, Maeng Hak-ryeol, juu ya machela, umri wa kuzaliwa na Tak, lakini akimwita "wewe". Askari mzee Go-dol aliinama kuinua machela, suruali ikapasuka nyuma, karatasi ikachungulia. Juu yake, kwa wino mweusi, jina la Konfusio.

Mkaguzi alishuka. Akanyoosha mikunjo ya joho lake, akapiga magoti thelujini, akayasujudia makalio ya Go-dol.

"Usigeuke," Tak alinong'ona.

"Afande, anafanya nini huko?"

"Anasoma."

Mkaguzi alipoinuka, uso ulikuwa umemwiva. "Suruali zote zifumuliwe. Karatasi zichomwe kwa heshima. Jina la Mwalimu halikaliwi."

"Na miguu ya watu wangu, Mheshimiwa?"

"Uaminifu hupasha mwili."

"Mngetuletea robota la huo uaminifu."

Mama Bun-i alidakia kutoka mlangoni, sindano mdomoni. "Jina nitalikata mimi, Mheshimiwa. Karatasi ibaki."

"Wewe mama, ukurasa mzima ni mtakatifu."

"Sasa mbona mlimfelisha aliyeuandika?"

Mkaguzi akamgeukia kamanda. "Wewe, toa amri."

"Sitoi."

"Mimi ni mkono wa mfalme."

"Basi mkono huo uwavue mwenyewe."

Mkaguzi aliziangalia suruali zile, ambazo hazijaona maji tangu mavuno, akaificha mikono yake ndani ya mikono ya joho. Msomi hashiki suruali ya askari. Na kwa sheria, askari wale hawakupokea amri isiyo na muhuri wa kamanda wao. Alichoweza mkaguzi ni kumwadhibu kamanda, na hilo alilifanya kesho yake asubuhi kwa raha zote: Tak ashushwe awe askari wa kawaida papo hapo ngomeni, na muhuri wake urudishwe mji mkuu, akabidhiwe kamanda mpya.

"Huyo mpya ndiye atakayetoa amri ya kuchoma?" Mama Bun-i alimuuliza Tak pembeni.

"Ndiye."

"Anafika lini?"

"Theluji inakaribia kuziba njia za milimani. Ikiyeyuka, ndipo."

Mama Bun-i akaanza kucheka kichinichini, akajifanya anakohoa.

Msomaji alikunja tangazo. Walimvua Tak koti la manyoya la ukamanda, zawadi ya mfalme, akabaki na shati jepesi, anatetemeka mbele ya kikosi chake. Mkaguzi aliuficha muhuri wa ukamanda ndani ya joho lake, akakaa vizuri kwenye machela.

"Una la kusema juu ya aibu yako?"

Tak aliitazama suruali ya Go-dol.

"Kama sasa ni askari wa kawaida, naomba suruali yangu."