Kwaya Isiyoinua Mikono

Fundi waliyemwita Mama Futi hakuwa na mtoto aitwaye Futi. Jina lilitokana na futi la kupimia nguo, ambalo halikumtoka shingoni hata kitandani, mpaka marehemu mumewe akawa anasema kaoa mke na nyoka wake. Kwa kushona hakuwa na mpinzani. Kwa kudokoa vitambaa pia hakuwa na mpinzani. Unampelekea mita tatu, gauni linatoka limekukaa kama umezaliwa nalo, unaondoka unashukuru, huku nyuma nusu mita yako imeshapata mama mwingine.

Siri yake ilikuwa kwapani. Fundi mwizi asiye na akili hufupisha gauni, mteja anaona magoti yake mwenyewe, kesi inaanza. Mama Futi alibana kwapa. Nani hukagua kwapa lake?

Basi kanisa lilipomkabidhi kitambaa cheupe ashone majoho arobaini ya kwaya, alibana makwapa themanini. Kilichobaki kikawa mapazia ya nyumba nzima na mashuka manne, na kipande cha mwisho akamtandikia kuku aliyekuwa analalia mayai. Hilo la kuku msiponiamini si neno, la mapazia mniamini.

Majoho yalipendeza kweli. Ila mwimbaji akiinua mkono, ukifika usawa wa bega unakwama kana kwamba umekamatwa na askari. Kila mmoja akadhani ni yeye peke yake aliyenenepa, akanyamaza kwa aibu, na kwaya nzima ikazoea kuimba mikono chini. Wageni wakastaajabu. Katibu wa kanisa, ambaye alikuwa shemeji yake Mama Futi, mdogo wa marehemu, akawaeleza kwamba huo ndio unyenyekevu wa kwaya yetu. Mhubiri mgeni aliihubiri ile mikono saa nzima. Kwaya za mbali zikaja kujifunza namna ya kutoinua. Na Mama Futi yuko benchi la nne, anaitikia amina pamoja na wenzake. Ikapita miaka tisa.

Asubuhi moja akaingia kwenye chumba chake cha kushonea bibi mmoja wa sauti ya kwanza, joho lake limefumuka upindo. Akakaa kwenye kigoda kusubiri, na mtu akisubiri fundi huongea.

"Mwanangu," akasema, "nyumbani naanika mashuka kwenye kamba, mkono unapanda bila shida. Nikisimama mbele za Mungu, unagoma. Nimepakwa mafuta mara sita. Siku hizi nimeacha kuuombea. Naona Mungu hautaki mkono wangu, na sababu naijua. Ujana wangu ulikuwa na mambo."

Sindano ikamwingia Mama Futi kidoleni mpaka kwenye mfupa. Akamwomba bibi aliache joho, akafunga mlango mchana kweupe, akapiga magoti kati ya cherehani na mabaki ya vitambaa. Alikuwa ameshatubu mara nyingi maishani, lakini zile dhambi za jumla ambazo kila mtu anazo na hakuna anayezionea haya. Siku hiyo kwa mara ya kwanza aliita dhambi yake kwa jina lake: kwapa.

Aliponyanyuka akaenda moja kwa moja kwa Katibu. Katibu akamsikiliza, akauliza kama Mungu ameshaambiwa. Ameshaambiwa.

"Basi limekwisha, shemeji. Mungu akisamehe, wewe nani wa kufukua?"

"Mungu sikumwibia kitambaa, shemeji. Niliowaibia wanaimba Jumapili."

Katibu akakuna kichwa. Akamkumbusha kwamba chumba anachoshonea ni cha kanisa, na yeye ndiye aliyempatia. Akamkumbusha sikukuu ya kanisa iliyokuwa inakaribia, na wageni wanaokuja kuitazama ile mikono. Akifungua mdomo, afungashe na cherehani yake. Atubu kimya kimya, kwa adabu. Mama Futi akaondoka anacheka peke yake njiani. Wakati wa kukata hakuwa na adabu, sasa aitoe wapi wakati wa kuungama?

Jumapili, zamu ya ushuhuda ilipofika, akasimama na pazia kwapani.

"Kwaya, nyinyi si wanyenyekevu, mmebanwa," akasema. "Niliwabana mimi ili nipate hili pazia, na mengine yako nyumbani. Bibi wa sauti ya kwanza, Mungu hajaukataa mkono wako. Nimeuzuia mimi."

Mwimba besi mmoja akalalamika kwa sauti kwamba yeye ameacha mkate wa asubuhi miaka tisa ili apungue, na watu wakaangua kicheko. Bibi wa sauti ya kwanza hakucheka. Alinyanyuka, akatoka nje, wala hakugeuka.

Jumatatu cherehani ilikuwa imetolewa nje, iko kwenye kokoto. Mama Futi akaibeba kichwani pamoja na meza yake, mwanamke mtu mzima, mpaka barazani kwa kinyozi, ambaye alimpa kona. Wateja wengine walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijaliwa. Waliobaki aliwakatia mbele ya macho yao, akawarudishia kila kipande, hata kile kisichotosha kufutia miwani. Wakamwona ana wazimu. Na mkono wake, msidhani uliokoka siku moja. Kila asubuhi uliona hariri nzuri ukaanza kuwasha, na kila asubuhi aliukatalia.

Siku ya tatu bibi akaja. Hakusalimu.

"Miaka tisa nadhani nimekataliwa," akasema, "kumbe nimeshonwa. Leo sikusamehe. Kaa ushone, nakuangalia."

Mama Futi akakaa. Akakata kipande cha pazia, akafumua kwapa la joho, akaanza kukishikiza kwa pini. Alikuwa na pini nne mdomoni Katibu alipotokea. Alikuja na maneno laini: wageni wameshatuma salamu, na chumba bado kipo. Jumapili aseme tu kwamba alitia chumvi, mambo yaishe.

Mama Futi akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kifuani.

"Chumba mpe mwingine, shemeji. Wewe vua koti."

"Koti limefanya nini?"

"Nalo nililishona mimi. Ulidhani wewe nilikuonea huruma?"

Bibi akacheka mpaka akashika mbavu. Katibu akasema huo ni utovu wa heshima, halafu, kwa kuwa watu walikuwa wanatazama, akauinua mkono wa kulia kuonyesha kwamba koti lake halina kasoro. Ukafika begani, ukakwama. Akajaribu wa kushoto. Kinyozi alikuwa amesimamisha mashine yake, na mteja aliyenyolewa nusu kichwa alikuwa amesogea mlangoni aone vizuri.

"Hapo hapo," akasema Mama Futi, akachukua chaki. "Usiushushe. Ngoja nitie alama."