Kidole Changu Mdomoni mwa Mkwe

Cheka tu, maana hata nikikukataza utacheka, na mimi aibu hii nimeishi nayo mpaka tumezoeana.

Ilikuwa enzi za ruksa, kila mwenye visenti anafungua chake, na pale Bariadi tajiri mmoja wa pamba akafungua kliniki ya meno, akaleta na mashine ya eksirei iliyochokwa huko ilikotoka, na mimi niliyefundishwa kuitumia Mwanza kwa majuma machache nikawa "mtaalamu" (koti jeupe nilikuwa navaa mpaka sokoni, watu wajue). Wakati huohuo nilikuwa naposa kwa akina Minza kule Kasoli, mahari ilikuwa bado haijapangwa, na nilitaka sana wanione mtu wa maana.

Basi siku hiyo nani anaingia? Mama mzazi wa Minza, shavu limevimba, machozi yanamtoka. Sasa kwetu Wasukuma mama mkwe hata mkono humpi, sembuse kumtia vidole mdomoni! Ningemwambia tu daktari, "Huyu mkwe wangu, mpige picha wewe," yakaisha. Lakini mtaalamu mzima aseme hawezi? Thubutu!

Nikampa filamu kwa mbali, nikageukia ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa, nikaanza kufundisha: "Mama, iweke kati ya ulimi na jino, upande mweupe uangalie jino, halafu ushikilie kwa kidole." Naye kwa heshima hakuuliza mara mbili, akaiweka alivyoweka, nikabonyeza. Kumbe kaigeuza! Ilipotoka kwenye dawa ilikuwa michirizi mitupu, ile ya kibati kinachokaa mgongoni mwa filamu. Daktari wetu, mtu wa kuja asiyejua habari za ukwe, akaiinua mbele ya wagonjwa waliojaa mlangoni.

"Hili ni jino au barabara ya Kasoli lori la pamba likishapita kwenye tope? Rudia! Na sasa shika mwenyewe, nitabonyeza mimi."

Nikakohoa kikohozi nisichokuwa nacho, nikatafuta glavu zilizokuwa mkononi mwangu, mpaka mama mwenyewe akachoka.

"Baba, jino haliulizi ukwe. Weka!"

Nikaweka, macho nimeyafumba (mtaalamu huyo!), kidole kikateleza kikapita mbele ya filamu, mama akataka kutapika, akanibana kwa meno yote yaliyokuwa mazima. Nikapiga yowe, "Mayu wee!" yaani namlilia mama yangu huku mama wa mwenzangu kaning'ata, na daktari naye, kwa akili zake nyingi, ndipo akabonyeza. Kule mlangoni watu walicheka mpaka wengine wakasahau meno yao.

Picha safari hii ikatoka safi kabisa: mzizi umeoza, unaonekana vizuri, na pembeni yake mfupa wa kidole changu, nao unaonekana vizuri. Jino likang'olewa, mama akapona, akaomba picha yake akaondoka nayo. Nikamshukuru Mungu kwamba yameisha.

Siku ya kupanga mahari wazee wamekaa, mjomba wangu ananisemea kwa maneno matamu, ng'ombe wanapungua mmoja mmoja, mambo yananyooka. Mara baba yake Minza akatoa ile picha mfukoni, akainyoosha juani, akaigeuza taratibu kila mtu aone.

"Hili jino ni la mke wangu, nalijua," akasema. "Na huu mfupa ni wa nani?"

Mjomba akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu. Pale palepale ng'ombe wote waliopungua wakarudi, na akaongezwa mmoja mnono, wakamwita ng'ombe wa kidole.

Nilioa, ndiyo, lakini nilijiapiza: akija mkwe, shemeji, hata jirani wa shemeji, mimi eksirei siijui, sijawahi kuiona. Na mpaka leo tukigombana nikamnyooshea Minza kidole, hanijibu kwa ukali.

"Kishushe hicho," ananiambia. "Nyumbani kwetu kimeshalipiwa."